Kapu Lisilo na Msomaji

Saigon, 11 Machi

Mjomba Lieng,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa barazani na umeshiba, si juu ya ngazi unapogoa mizabibu kama nilivyosikia. Ndiyo, ni Bi Lanh wa jirani aliyenisimulia, na usimnunie, maana mimi ndiye niliyemchimba. Mimi mzima. Chumba changu bado ni kile kile, joto lake bado ni lile lile, na bado sijaolewa, kwa hiyo swali lako la kila barua nimelijibu mapema.

Sasa nije kwenye jambo. Ofisi yetu imepewa kazi ya kutengeneza masomo ya kwenye simu kwa shule za vijiji vyetu vya Wachamu. Si kupiga picha vitabu na kuwapa watoto wavitazame wapige miayo. Mtoto anatembea na simu. Akifika kwenye mlango wa kwanza wa maji pale Hamu Biruw, simu inatambua kafika, na sauti inaanza kumsomea lile fungu la Kitabu cha Mfereji linalohusu udongo uleule anaoukanyaga. Nani alichimba pale, nani alifukiwa akichimba, wanawake waliimba nini walipopeleka chakula. Akisogea hadi mlango wa pili, linakuja fungu la pili. Mkuu wangu, Bwana Khai, ni mtu wa kaskazini asiyejua neno moja la kwetu, lakini nilipomwambia kwetu kuna kapu la vitabu kumi na kimoja na kimojawapo kinataja kila kona ya mfereji, aliacha kahawa yake ikapoa.

Nataka sauti iwe yako, mjomba. Hakuna mwingine anayekisoma.

Najua kapu halifunguliwi ovyo. Ndiyo maana naandika kwa kalamu. Mwaka jana ulinikatia simu ukisema mambo ya nyumba hayasemwi hewani.

Mpwa wako,
Thoai


Hamu Biruw, 2 Aprili

Thoai, mwenye nyumba asiyelala nyumbani,

Marahaba. Huku tuko salama kadiri ya jua hili. Kondoo wamezaa, saba wamepona. Zabibu zimekuwa ndogo kama mbaazi, na mnunuzi kaja akacheka mbele yangu. Bi Lanh anakusalimu. Nimemwambia mdomo wake ungekuwa na mlango ningeununulia kufuli, akasema nianze na wangu.

Siku nyingine andika herufi kubwa. Kalamu yako imekonda kama wewe. Hii yako nimeisomea nje, saa sita mchana, na kile kioo cha kukuzia cha marehemu mke wangu.

Kuhusu kapu. Wewe uliondoka hapa ukiwa na miaka kumi na tano, kwa hiyo nakuambia kama mtu mzima ambaye hakuambiwa. Nyumba na kapu ni vya wanawake wetu. Kusoma ni kazi yetu sisi wajomba. Mama yako alikuzaa wewe peke yako, na wanaume wa ukoo tumekwisha, nimebaki mimi. Nilikwenda kwa kuhani nikamwomba nikufundishe wewe herufi, na kuhani alikubali, kitu ambacho baba yake asingekubali. Hiyo ni miaka minne sasa. Umeanza?

Nauliza kwa sababu vitabu visivyosomwa havikai kimya. Humrudia mwenye nyumba. Nilipokuwa nimeoa nikikaa kwa wakwe, nilipitisha miaka mitatu bila kuja kulifungua kapu. Kulikuwa na kazi za shamba la mke wangu, kulikuwa na hili na lile. Mwaka wa tatu mama yako akaanza kutapika damu. Unajua mwisho wake. Hospitali walisema ini. Mimi ninajua nani hakuja kufungua kapu. Kwa desturi yetu, kapu lisilo na msomaji halifai kubaki ndani ya nyumba hata mwaka mmoja. Hupelekwa mtoni likaagwa vizuri.

Njoo na mashine zako. Nitatafuta siku njema. Lete pombe nzuri, si ile ya chupa ya bluu.

Mjomba wako,
Lieng


Saigon, 16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nilifika salama. Mkate wa wali ulionifungia uliibiwa kwenye basi, au niseme niligawana na mama mmoja wa Phan Ri hadi ukaisha. Mwambie Bi Lanh miguu yake aikande kila siku, dawa niliyomwachia si pambo.

Zile siku sita zimenikaa moyoni. Najua sikusema nilipokuwa huko. Nimekuwa nikikata sauti zako tangu nirudi, fungu moja moja, na kuziweka mahali pake kwenye ramani. Kondoo wanalia humo ndani. Bwana Khai alitaka waondolewe pamoja na vikohozi vyako. Nikamwambia kondoo tuondoe, kikohozi kibaki. Picha za kurasa za vitabu vyote kumi na kimoja nazo zimeshaingia kwenye mashine ya ofisi.

Kuna jambo nililiona. Ulikuwa unageuza kurasa huku unatazama mizabibu. Macho yako mazima, mjomba?

Na lile la siku ya tano, uliponipa kitabu ukasema nikusomee mstari mmoja tu, nikakuambia kesho. Nilikuwa nimechoka siku ile. Kesho yake tukapitiwa wote.

Masomo yataanza mwezi wa sita. Mwalimu Nhuan atawapa watoto simu ishirini na tano za ofisi.

Thoai


Hamu Biruw, 29 Juni

Mpwa wangu,

Tuko salama. Mvua moja imenyesha na kutudanganya. Bi Lanh anatembea, na kwa hiyo anasema.

Nikuambie nilichokiona. Jumanne ile mwalimu Nhuan aliwapanga watoto kwenye mlango wa kwanza wa maji. Nilikaa upande wa pili wa mfereji na kofia usoni nijifanye nimelala. Simu zikaanza zote pamoja, lakini si kwa pamoja kamili, kila moja imechelewa kidogo nyuma ya mwenzake, ikawa mimi ishirini na watano tunapokezana. Nilitaka kukimbia.

Mtoto mmoja wa kike akauliza, "Huyu babu anayesoma alishakufa?"

Mwenzake akamjibu, "Si yule pale kalala?"

"Yule? Yule ndiye aliyetufukuza kwenye zabibu zake."

"Ndiye huyohuyo. Sauti yake hii ya kufukuza watu huisikii?"

Nikainua kofia nikawaambia, "Someni kilichowaleta." Wakacheka mpaka mmoja akaingiza mguu majini.

Halafu sikiliza, Thoai. Wakafika pale panapotajwa mtu aliyefukiwa na udongo na mke wake akaendelea kuchimba siku saba, wakasimama wakitazama chini ya miguu yao. Mmoja akavua kandambili. Hakuna aliyemwambia. Bi Lanh aliposikia jina la babu wa bibi yake kwenye mlango wa pili alikaa chini kwenye tope na nguo yake nzuri. Akasema, "Maisha yangu yote nateka maji hapa, kumbe nateka kwetu."

Nimesoma kitabu kile miaka hamsini mbele ya kuta na mijusi. Sikuwahi kumwona mtu akivua kiatu. Nilifurahi, nalisema waziwazi kwa sababu silisemi mara nyingi.

Sasa naomba unijibu, kwa herufi kubwa. Hiyo sauti inakaa muda gani? Na wewe, herufi umeanza?

Lieng


Hamu Biruw, 27 Julai

Thoai,

Nakusalimu. Sijapata jibu la barua yangu, huenda posta wamelala nayo. Kondoo mmoja amekufa, sitasema yupi maana ulimpa jina.

Simu zimenyamaza. Wiki ya pili sasa. Watoto wanafika kwenye mlango wa maji, wanazinyanyua juu, wanazitikisa, hakuna neno. Mwalimu Nhuan amepiga simu ofisini kwenu mara nne, hakuna anayepokea. Alhamisi walikuja watoto sita tu. Jana hakuja hata mmoja.

Sikulaumu. Mashine ni mashine. Nataka kujua jambo moja tu, na sitaki maelezo marefu ya kitaalamu. Sauti na zile picha za kurasa, zipo au hazipo? Ndiyo au hapana inatosha. Kuna jambo la nyumba ninalotaka kuliamua kabla ya sikukuu ya Kate, na jibu lako ndilo litakaloamua.

Lieng


[Barua hii haikutumwa]

Saigon, 6 Agosti

Mjomba,

Hapana. Hazipo.

Naandika hili kwanza ili nisipate nafasi ya kuzunguka. Ofisi imefungwa tangu mwanzo wa mwezi wa saba. Waliokuwa wanatoa fedha walikwenda kwingine, Bwana Khai akatukusanya akatushukuru, akalia kidogo, akaondoka. Kompyuta zilichukuliwa siku ileile. Kila kitu chetu kilikuwa kimewekwa kwenye mashine ya kukodi mtandaoni, na simu za watoto zilivuta sauti humo mpaka kodi ilipokoma. Wenye mashine waliniletea taarifa mimi, kwa jina langu, kwa sababu mimi ndiye niliyesaini: mna siku thelathini za kuchukua vitu vyenu, baadaye vinafutwa. Siku thelathini, mjomba. Nilikuwa natafuta kazi. Nilikuwa nazunguka na pikipiki kutoka usaili hadi usaili, na kila jioni nilisema kesho. Sikuwa hata na mahali pa kuviweka, lakini hiyo si sababu, ningeazima. Siku ya thelathini na moja nilifungua nikakuta ukurasa mweupe. Nimemtafuta Khai, nimewabembeleza wenye mashine, nimelia nao kwenye simu. Wamesema kilichofutwa kimefutwa.

Na herufi sijaanza. Miaka minne nakukwepa. Mimi niliyetengeneza somo la kuwafundisha watoto wa kijiji kizima siwezi kusoma mstari mmoja wa kitabu cha nyumba yangu. Siku ya tano sikuwa nimechoka. Niliona aibu.

Siwezi kukutumia hii. Nimeona ulivyoandika kuhusu kile kiatu.


Saigon, 21 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mafua. Pole kwa kondoo. Nimebadilisha kazi kidogo, sasa niko kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme, ni kwa muda tu. Chakula napata, usiwaze.

Ndiyo, zipo. Sauti zote na picha zote zipo, zimehifadhiwa mahali ambapo hata nyumba ikiungua haziungui. Simu zimenyamaza kwa sababu mafundi wanafanya matengenezo makubwa. Mwambie mwalimu Nhuan awe na subira. Baada ya Kate, au pengine mwanzo wa mwaka mpya, watoto watakusikia tena.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kabisa. Jambo hilo la nyumba ni lipi? Macho hukunijibu.

Nakupenda, mjomba.

Thoai


Hamu Biruw, 30 Septemba

Thoai, binti wa dada yangu,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Mvua imekuja kweli safari hii, mpunga umesimama. Bi Lanh ananipikia ile supu ya majani kila siku tatu, akidai nimekonda. Nimemwambia anatafuta mume, akasema akitafuta atatafuta mwenye meno.

Barua yako ilifika tarehe tano. Niliisoma mara tatu, nikaenda moja kwa moja kwa kuhani.

Uliniuliza habari ya macho mara mbili. Nakujibu sasa kwa kuwa jibu halina madhara tena. Tangu mwaka juzi sioni herufi za vitabu. Wino ule umefifia na macho yangu yamefifia zaidi. Barua yako naiona ukiandika kubwa na jua likiwa kali, vitabu hapana. Siku zile sita nilikuwa nasema kilichomo kichwani. Kwa hiyo ujue kapu letu lilikuwa halina msomaji kwa miaka miwili kamili, na mimi nilikuwa nalifungua kila mwezi, nawasha mishumaa, nageuza kurasa, namdanganya kila aliyemo ndani ya vitabu vile. Kila ulipoandika una mafua nilihesabu siku mpaka barua nyingine. Nilijua ni deni langu linakujia wewe kama lilivyomjia mama yako.

Siku ile nilipokupa kitabu, nilitaka uniambie kuwa umeanza. Ulisema kesho. Uso wako niliuona vizuri, uso mkubwa nauona. Sikukasirika. Nilijua tu kwamba wewe hutasoma, na kapu litakuwa lako, na mimi nitakuwa kwenye majivu nisiweze kukusaidia.

Uliposema zipo, mzigo ulinishuka. Maneno yana pa kukaa. Hakuna haja tena ya karatasi kukaa kwenye nyumba ya mtu asiyezisoma na kumdhuru.

Tuliliaga kapu siku ya kumi na saba. Nilikuwa mimi, kuhani na Bi Lanh, ambaye hakualikwa. Tulitengeneza chelezo cha migomba. Kuku, mayai matatu, tambuu, na pombe uliyoleta. Nilivifunga vyote kumi na kimoja, kila kimoja katika kitambaa cheupe, Kitabu cha Mfereji mwisho. Mto ulikuwa umejaa, ukakichukua chelezo haraka kuliko nilivyodhani. Kilizunguka mara mbili kwenye ile kona ya mawe, kikazama upande mmoja, kikaendelea hivyohivyo mpaka sikukiona tena, na macho yangu siku hizi hayahitaji kitu kiwe mbali ili yakipoteze.

Kuhani alisema nimefanya vyema. Nililala usiku mzima, kitu ambacho sijafanya tangu msiba wa mama yako.

Sasa uko huru, mpwa wangu. Olewa, usiolewe, kaa huko Saigon, hakuna kapu juu ya dari linalokungoja. Njoo Kate tule.

Mjomba wako,
Lieng


Saigon, 12 Oktoba

Mjomba,

Sina salamu leo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara naanza kukuuliza habari za kondoo.

Nilikudanganya. Sauti hazipo. Picha hazipo. Zilifutwa mwanzoni mwa mwezi wa nane, kwa uzembe wangu mimi, nilipewa siku thelathini za kuziokoa na sikuziokoa. Uliponiuliza ndiyo au hapana niliandika hapana kwanza, barua ninayo hapa, nimeiambatanisha uisome. Halafu nikaandika ndiyo kwa sababu niliogopa. Sikujua unaamua nini. Ningejua ningekuja kwa miguu.

Siwezi kuja Kate. Siwezi kupita mfereji ule.

Lakini sikiliza, mjomba. Umesema vilikuwa kichwani. Basi bado viko kichwani. Mwite mwalimu Nhuan, ana simu, ana daftari. Sema chochote unachokikumbuka, leo, usisubiri mimi. Hata ukinichukia, sema. Nimeanza herufi. Nimepata mzee mmoja huku wa Phan Ri, nakwenda kwake kila Jumapili. Najua ni kejeli, sasa sina cha kusoma.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza sitashangaa.

Thoai


Hamu Biruw, 20 Novemba

Thoai,

Nakusalimu, kwa kuwa mimi salamu ninazo. Mpunga umevunwa. Kondoo wako salama. Bi Lanh aliandaa Kate nyumbani kwako kama vile ni kwake, akakuwekea sahani.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Nilikukasirikia. Nilikukasirikia mpaka nikamwambia Bi Lanh mambo juu yako ambayo sitayarudia, naye akakutetea wewe, akaniambia, "Na wewe ulimwambia lini kwamba huoni? Mmefichana wote wawili, mmoja gizani mmoja mwangani, halafu mnamtafuta mwizi." Nikamfukuza. Alirudi jioni na supu.

Kisha nilimwita mwalimu Nhuan kama ulivyoomba. Alikuja na simu yake na madaftari mawili. Nilikaa pale ninapokaa siku zote, nikaosha mikono, nikaanza.

Haikuja, Thoai.

Mwanzo ulikuja, beti kumi, pengine kumi na mbili. Baada ya hapo nilikuwa napapasa mkeka kama mtu aliyeangusha sindano. Nilikuwa natafuta ukurasa. Nilidhani vitabu viko kichwani, kumbe viko vidoleni. Palikuwa na ukurasa ulioungua pembeni, nikiugusa najua hapa ndipo yule mama wa kitabuni anapoita. Palikuwa na tobo la mchwa, palikuwa na mshono wa uzi mzito ambao bibi yangu alishona, doa la nta, kila kimoja kilikuwa kinanipa neno linalofuata. Miaka miwili nilijiona mwongo, na kumbe nilikuwa nasoma. Nilikuwa bado msomaji. Kapu lilikuwa na msomaji wake, na mimi nimelipeleka mtoni.

Vile vitabu kumi vingine sijapata hata mstari. Cha Mfereji tulihangaika nacho siku tisa. Mwalimu ana subira ya ng'ombe. Wakati mwingine nilisema kitu kizuri, akaandika, na baadaye nikajiuliza kama ni cha kitabu au nimekitunga mimi pale pale, na hakuna mahali pa kutazama. Akiniuliza, "Ndivyo kilivyoandikwa, mzee?" nasema ndivyo. Nifanyeje? Angeacha daftari tupu.

Milango ya maji ni minane, na kila mmoja una jina la aliyeuchimba. Nimeyapata saba. La mlango wa sita halikuja. Niliamka nalo mdomoni siku mbili, likatoweka kabla sijaketi. Siku ya tisa mwalimu alikuwa ameshika kalamu, watoto walikuwa wamejaa barazani, yule aliyeuliza kama nimekufa alikuwa mbele kabisa, na wote wananitazama. Nikasema Jabat. Jabat alikuwa fundi baiskeli sokoni tulipokuwa wadogo na mama yako. Alikuwa mtu mwema, alituzibia pancha bure. Hakuchimba kitu chochote.

Wakaandika. Wamelifundisha shuleni. Wiki iliyopita nilipita mlango wa sita, nikakuta mtu ameweka pale tambuu na yai, na karatasi yenye jina la Jabat kwa herufi zetu, zimeandikwa vizuri, kubwa hata mimi nikaziona. Aliyeuchimba kweli hana jina tena mahali popote duniani. Nilitaka kuiondoa ile karatasi. Nilisimama nayo mkononi muda mrefu, kisha nikairudisha chini ya yai, kwa sababu mtoto aliyeiweka angeikuta haipo.

Endelea na herufi zako. Ukija, watakupeleka mferejini na kukusomea yote, wana hamu sana. Wakifika kwa Jabat usiseme neno. Tunaojua ni mimi na wewe, na mimi sina miaka mingi.

Mjomba wako,
Lieng